Mkono wa Kushoto Uingie Kwanza

Bishar, mwanangu,

Usiliguse shati bado. Karatasi hizi umezikuta ndani ya mkunjo wake kwa sababu najua kwamba kila asubuhi, ukishanimwagia maji ya udhu na tukishaswali, kitu cha kwanza unachochukua ni shati langu. Kaa juu ya sanduku lako usome. Mimi niko mbele yako kitandani, na fulana yangu na kikoi cha kulalia, na nadhani nakukodolea macho kuliko inavyofaa. Usiniulize kitu mpaka umalize. Malori hayaondoki mpaka jua lipande na askari wa kuyasindikiza wamalize chai yao, kwa hiyo muda unao.

Naandika mchana, ukiwa umekwenda kugongesha muhuri kwenye kibali chako cha safari. Usiku haturuhusiwi kuwasha taa, na hata tungeruhusiwa, unalala karibu nami mno. Nisingeweza kuandika haya huku nikisikia pumzi zako.

Mambo ya blanketi, ya nauli, ya kutonunua nyama ya njiani, dada yangu, eddo yako Barni, ameshakueleza mpaka umeanza kumjibu kabla hajamaliza. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na kila nikilianza linanigeuka mkononi. Nikilianza kama kosa, najikuta najitetea. Nikilianza kama utetezi, najikuta naomba radhi. Nimeshaharibu karatasi nzuri mbili. Kwa hiyo nitalisema kwanza, halafu nitajaribu kulieleza.

Naweza kuvaa mwenyewe.

Si tangu jana. Tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Shati, kikoi, koti, viatu, kofia, vyote. Muda wote huu umekuwa ukiamka alfajiri kumvalisha mtu anayeweza kujivalisha.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu hatukufundishwa kuiandika, si wewe wala mimi. Lakini kuna sababu nyingine pia. Unajua kazi yangu ilikuwa ukalimani wa mahakama. Mshtakiwa akisema kwa Kisomali, "Mimi nilimchukua ngamia yule," nami nilisimama na koti langu nikasema kwa Kiswahili, "Mimi nilimchukua ngamia yule," na hakuna aliyenitazama kwa ubaya. Miaka mingi nilisema "mimi" za watu wengine bila aibu yoyote. Nilidhani mazoezi hayo yangenisaidia leo. Hayajanisaidia.

Kiharusi kilinipata mwaka wa pili wa vita hivi vya serikali na wapiganaji wa kwetu, nikiwa natawadha. Hilo unalikumbuka kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyeniokota. Upande wa kushoto ukafa, wa kulia ukabaki, na ulimi ukarudi baada ya muda. Mama yako alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Eddo yako, alipohamia kwetu baadaye, angeweza kunipikia na kunilisha, lakini kuna mambo ambayo dada hamfanyii kaka yake, na kumvisha kikoi ni mojawapo. Ulikuwa umemaliza shule, unangoja jibu la kazi. Hakuna aliyekuambia. Asubuhi moja ulifunga mlango tu, ukaleta nguo.

Ulikuwa mwangalifu. Wakati wa kunibadilisha kikoi uligeuza uso ukautazama ukuta, ukawa unanieleza habari za mjini, nani kanyimwa kibali, duka la nani limefungwa, ili nisiisikie mikono yako. Na kwenye shati ulianza na mkono wa kulia, kama nilivyokufundisha ukiwa mdogo: kuvaa tunaanza kulia, kuvua tunaanza kushoto, ndivyo Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopenda. Basi shati lilipofika upande wa kushoto, lilikuwa limeshabana mgongoni, ukalazimika kuukunja ule mkono uliokufa kuupeleka nyuma, na bega likalia.

"Samahani, Aabo."

"Si kitu."

Shika hayo maneno mawili. Nitayarudia.

Sasa asubuhi ya ule msako wa kwanza mtaani kwetu. Wewe ulikuwa umeshuka mtoni kuchota maji. Gari la kipaza sauti likapita likisema watu wote watoke nje, na wa kike wakae huku na wa kiume kule. Nilikishika kikoi nikajaribu. Kikoi chetu, macawis, kimeshonwa kama mfuko, mtu mzima huingia ndani yake bila kufikiri. Mimi nilikitupia miguuni, nikakivuta upande wa kulia, na upande wa kushoto kikabaki chini ya paja langu kama kimepigiliwa misumari. Askari wawili wakaingia. Sitawasingizia, hawakunipiga. Walinikunja katika blanketi wakanibeba, wakaniweka mchangani, wala hawakuangalia wameniweka karibu na nani. Upepo ukafungua blanketi.

Mbele ya watu niliowahi kusema kwa niaba yao, Bishar. Na watoto wao.

Barni ndiye aliyenifunika. Alikuwa amehamia kwetu muda si mrefu kutoka upande wa Bura, baada ya wafugaji kuamriwa waingie kwenye vijiji vyenye ulinzi na wanyama wake wengi kupotelea huko. Alivua shali yake, akanitupia, akaketi kando yangu kati ya wanawake na wanaume, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kukaa.

"Walaal, kaka yangu," akaninong'oneza, "leo umependeza kuliko siku ya harusi yako."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, na machozi yalikuwa yananitoka. Ulirudi na maji ukanikuta nimevaa shali ya kike yenye maua. Hujawahi kulitaja jambo lile mpaka leo.

Siku hiyohiyo nilimwambia aniletee tawi.

Unaijua hangool. Uliikata ya kwako kwa mjomba wako Ijara ulipokuwa mtoto: fimbo ya kujengea boma, ndoano upande mmoja ya kuvutia matawi ya miiba, na panda upande wa pili ya kuyasukumia, ili mkono usichomwe. Nilikuwa nimelala namtazama Barni akivuta kamba ya nguo iliyokuwa mbali naye kwa fimbo ile, nikawaza kwamba nguo nayo ni tawi la miiba. Inataka kuvutwa upande huu na kusukumwa upande ule, basi.

"Unataka kujenga boma kitandani?" Barni akaniuliza.

"Nataka kujivalisha."

"Kwa hangool? Ukimaliza nikuletee mbuzi uwafungie humo?"

Lakini alikuja nalo tawi. La kwanza lilikuwa bichi na refu kama la bomani. Liliangusha taa, likachafua shati jeupe kwa utomvu. Lile doa la kahawia uliloliona, ukaniuliza kwa sauti ndogo kama natema damu, nami nikasema ni dawa, lilikuwa utomvu. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa huo, na ulitoka mwepesi. Tawi la pili lilikuwa kavu, lenye urefu wa kutoka kwapa hadi vidole, na ile panda tukaizungushia kitambaa isinikwaruze. Kwa vifungo nilikunja waya wa gurudumu la baiskeli, nikautia mpini kwa kipande cha mswaki: unapitisha kitanzi cha waya kwenye tundu, unakamata kifungo, unavuta. Ndani ya kiuno cha kikoi Barni alishona vitanzi viwili vya kukamatia ndoano. Ulipoviona, alikuambia ni vya kutundikia. Viatu vya tairi akavikata ukanda wa nyuma, nikawa nauburuza mguu mpaka uingie.

Wakati huo, nakuapia, nilikuficha kwa furaha. Nilitaka uingie asubuhi moja unikute nimeketi kitini, nimevaa mpaka kofia, nikuulize mbona umechelewa. Nilikuwa kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Hiyo ni kweli. Naiandika hapa kwa sababu ninapofika mbele nashindwa kujua ni kipi kingine kilichokuwa kweli.

Kikoi nilikishinda upesi. Shati lilinishinda. Nililijaribu kila ulipokwenda mtoni au sokoni, na kila mara lilifika pale pale, mkono wa kulia umeingia vizuri, shati limening'inia mgongoni, na hangool inakwaruza tu upande wa kushoto bila kuupata ule mkono. Nilitoka jasho. Nilianguka. Michubuko uliyoiona kwenye kiwiko haikutokana na kwenda chooni. Haikunijia hata mara moja kuanza upande mwingine. Mtu akianza kuvaa kulia tangu anafundishwa kutembea, hajui tena kwamba kuna upande mwingine wa kuanzia. Niliona bora nishindwe kwa adabu.

Halafu siku moja nilikuwa nalivua baada ya kushindwa. Mkono wa kulia umeshatoka, shati limebaki kwenye ule wa kushoto peke yake. Nikasikia hatua zako uani. Sikuwa na muda wa kumaliza kulivua, kwa hiyo nilifanya haraka kinyume: nikalizungusha mgongoni kwa hangool, nikautupa mkono wa kulia ndani. Ukaingia. Wenyewe. Nilikaa pale shati limenikaa mwilini, nikafahamu kwamba hiyo ndiyo siri yote. Ule uliokufa uingie kwanza, maana hauwezi kuja kutafuta nguo. Mzima utajitafutia.

Nilisumbuka na jambo hilo kuliko unavyodhani. Sikumuuliza sheikh, niliona haya kumwendea na suala la shati. Nilijiambia kwamba hata mlangoni tunampisha mgonjwa. Tangu siku hiyo nasema bismillah, naupisha wa kushoto.

Wewe uliingia ukanikuta na shati na ukafikiri eddo amenisaidia. Nikasema ndiyo. Nilipanga kwamba kesho yake, au Ijumaa, nitakushangaza.

Kabla ya Ijumaa alikuja Siyat.

Ilikuwa jioni, kabla ya saa ya kutotoka nje. Mlisimama nyuma ya ukuta huu wa mikeka mkadhani nimelala. Rafiki yako alikuwa na sauti ya mtu aliyeshaamua.

"Wenzako wote wameshavuka kwenda kwa wapiganaji. Wewe unangoja nini, cheti?"

"Siyo hivyo."

"Unaogopa basi."

"Siogopi. Nani atamvalisha baba yangu?"

"Watu wapo."

"Hakuna mtu, Siyat."

Akacheka. "Kumbe taifa zima linangoja vifungo vya mzee."

Nilisikia unachora mchangani kwa kidole cha mguu, kama unavyofanya tangu utotoni ukikosa neno. Mimi nilikuwa na hangool mkononi chini ya blanketi. Niliirudisha ndani ya mkeka uliokunjwa nyuma ya kitanda, taratibu, isigonge.

Siyat alikwenda. Mama yake bado anazifua nguo zake na kuzianika kila zikipata vumbi, nawe unapita pale unaziona kama ninavyoziona mimi nikiwa mlangoni. Hatujapata habari yake, ya kheri wala ya shari.

Basi ningeweza kuishia hapa nikakuambia: nilikudanganya ili uishi. Ningependa sana kuishia hapa. Barni ananiambia niishie hapa. Lakini baadaye alikuja mwalimu wako mkuu wa zamani, akanywa chai chumbani humu, akasema amekupatia nafasi chuo cha walimu, uondoke na msafara unaofuata. Nawe ukajibu maneno yale yale. Hukubadilisha hata moja.

"Nani atamvalisha baba yangu?"

Mwalimu akanitazama. Barni, aliyekuwa anamimina chai, akanitazama pia mpaka kikombe kikafurika. Ilikuwa zamu yangu kusema. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na chumba kizima kilikuwa kinalingoja. Mimi nikautazama mkono wangu wa kushoto kama nauomba ruhusa.

Nilikuwa nawaza nini? Nimelifukuza swali hili mwaka mzima. Niliwaza mabomu yanayotegwa barabarani, hilo nina hakika. Niliwaza pia kwamba ukiondoka hakuna atakayeutazama ukuta na kunieleza duka la nani limefungwa. Lipi lilitangulia? Siku nyingine naamka nina hakika lilikuwa bomu. Siku nyingine nina hakika lilikuwa duka.

Mwalimu alipoondoka Barni alikuja akasimama juu yangu.

"Ndama wa ngamia tunamfunga nyumbani ili mama yake arudi kutoka malishoni," akasema. "Wewe umemfunga huyu ili nini kirudi?"

"Nyamaza, usije ukasikika."

"Nasema na wewe. Mwambie, walaal. Au nimwambie mimi."

"Ukimwambia atakwenda kwa Siyat."

"Na usipomwambia haendi popote. Mimi sielewi, labda kwa kuwa sikusoma."

Alisema hivyo kwa kejeli, unamjua. Lakini nami nilikuwa sielewi, na nilikuwa nimesoma.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Msako wa pili, safari hii ulikuwepo. Ulishanivalisha, nilikuwa nimeketi. Askari mmoja kijana alikunjua mkeka nyuma ya kitanda, hangool ikaanguka. Akaiokota, akaiangalia ile ndoano, ile panda iliyofungwa kitambaa, akaipima mkononi.

"Mzee, hii ni kitu gani?"

Ningeweza kumwonyesha. Ningemwambia anipe shati lolote na angepata jibu lake papo hapo, na labda angecheka, na sote tungekunywa chai. Lakini wewe ulikuwa umesimama mlangoni.

"Ya kukunia mgongo," nikasema.

Akakugeukia. "Wewe kijana. Hii ni ya nini?"

"Sijui."

"Hujui? Iko kwa nyumba yenu, nyuma ya kitanda ya baba yako, na hujui?"

"Sijawahi kuiona."

Ulisema kweli. Katika chumba kile wewe ndiye pekee uliyesema kweli, na kweli yako haikulingana na uongo wangu, wakakuchukua. Waliichukua na hangool. Nilikaa kitini na vifungo vyangu vyote vimefungwa na mikono yako, na nilipokuita ili niseme, gari lilikuwa limeshawashwa. Niliita, Bishar. Sijui kama nilikuwa nimeita kabla gari halijawashwa na sauti ikakosa kutoka, au nilingoja liwashwe. Barni anasema niliita mapema. Anasema hivyo kwa sababu ananipenda.

Ulirudi jioni ya siku ya pili. Sikio lako la kushoto lilikuwa limevimba na mpaka leo unalielekeza pembeni mtu akisema kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimejiandaa kukuambia. Nilikuwa nimeshapanga hata neno la kuanzia. Ukaingia, hukunawa, hukunywa maji, ukaniona bado nina shati la juzi. Ukanivua, ukanivika safi. Halafu ukapiga magoti nyuma yangu kitandani, ukapitisha kiganja chini ya shati, ukaanza kunikuna mgongo. Polepole, kutoka bega hadi bega. Ulifikiri kwamba muda wote ule mgongo ulikuwa unaniwasha na niliona haya kukuomba, mpaka nikaenda kujitengenezea kifimbo.

Mgongo haukuwa unaniwasha. Nilinyamaza ukaendelea kukuna.

Nilijitengenezea hangool nyingine baada ya wiki chache. Hiyo iko ndani ya mkeka ule ule sasa hivi. Kwa nini niliitengeneza kama sikuwa na nia ya kukuonyesha? Nadhani nilitaka angalau mimi nijue kwamba naweza. Au nilitaka kuendelea kukuambia kesho.

Na kila asubuhi uliendelea kuanza na mkono wa kulia. Nilikuwa najua sasa. Ningekuambia tu, "Anza na wa kushoto," bega lingepona na wewe usingehangaika. Lakini ungeniuliza nimejuaje. Kwa hiyo niliacha bega livutwe, nikajiambia ndiyo malipo yangu, nalipa kila siku, hesabu iko sawa. Haikuwa sawa. Kila nilipolipa mimi, wewe ulisema samahani.

Mara nyingine nadhani ulijua. Kuna asubuhi uliutazama ukuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kikoi changu kilikuwa kimeshakaa vizuri ulipogeuka, na hukuuliza. Mara nyingine nawaza jambo baya zaidi, na naliandika kwa sababu sitakuwa na barua nyingine: labda wewe nawe ulihitaji nisiweze. Ili Siyat asikuite mwoga. Ili usichague. Kama ndivyo, basi tulikuwa wawili tunaoshikilia shati moja, kila mtu upande wake. Kama sivyo, nisamehe kwa kuliwaza.

Sina funzo la kukupa. Utakuwa mwalimu, utakutana na mtoto anayeshindwa kila siku mahali pale pale, na utataka kumfanyia. Labda utakumbuka shati. Labda hutakumbuka, na itakuwa sawa pia. Ninalolijua kwa hakika ni dogo sana: nilikaa kimya kwanza kwa furaha, halafu kwa hofu, halafu kwa mazoea, na kutoka ndani yote matatu yalikuwa na ladha moja.

Yule jirani uliyempanga aje kunivalisha, ndipo ukakubali nafasi ya chuo mwalimu alipoileta tena, mwambie asije. Barni ameshampa kazi ya maji. Kifua changu unakisikia, nami nakisikia. Sidhani kama nitakuona ukirudi likizo, na sitaki uliweke hilo kwenye sanduku pamoja na nguo zako. Ukipata habari, usipande lori kwa haraka. Niombee dua huko huko uliko.

Sasa zikunje karatasi hizi uzitie mfukoni. Weka shati hapa kitandani, upande wangu wa kulia, kola ikielekea kwangu. Halafu rudi ukae juu ya sanduku. Hangool nitaitoa mwenyewe.

Nachukua muda. Kitanzi cha waya huteleza kwenye kifungo cha tatu, huteleza kila siku, na utataka kuinuka. Usiinuke. Lori litapiga honi, Barni ataingia aseme utaachwa. Mwache aseme. Nitasema bismillah na utaona mkono wa kushoto unaingia kwanza. Bega halitauma, kwa hiyo leo usiseme samahani.

Nikishafunga cha mwisho na kuvaa kofia, njoo nyuma yangu unikune mgongo kidogo, halafu uende. Hangool haifai kwa kazi hiyo. Nimeshaijaribu.

Aliyekulea, nawe ukamlea,
Aabo